Ndege Wengi, Nyumba Moja

Mama mmoja alitusubiri mlangoni mwa madrasa baada ya darsa ya alasiri. Hakuja na suala la mirathi wala la saumu za kulipa. Alifunua leso ndogo, na ndani yake mlikuwa na chiriku aliyekufa, utosi wake umechunwa hadi mfupa. Akatuuliza kama ana dhambi.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mwanawe wa miaka minane alikuwa na cherero wawili, wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa na mkia mfupi. Mtoto aliomba ndege wa kuimba, mama akamnunulia chiriku, na kwa kuwa tundu lilikuwa kubwa akaona hapana haja ya kununua la pili. Alimtia jioni. Asubuhi mtoto ndiye aliyemwona kwanza.

Tulimjibu kama ilivyotupasa. Kufuga ndege si haramu. Bukhari na Muslim wametupokelea habari ya Abu Umair, nduguye mdogo Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake, na Mtume (S.A.W.) akimfanyia mzaha kwa kumuuliza habari za kindege hicho. Wanavyuoni wametoa humo ruhusa ya mtoto kuliwazwa na ndege, kwa sharti ya kuwa ndege hateswi wala hashindishwi na njaa. Na sote twaijua habari ya mwanamke aliyemfunga paka hata akafa. Mama huyu hakukusudia, na asiyejua huelimishwa. Akashukuru, akafunga leso yake, akaenda zake.

Alipokwisha kutupa mgongo tukaona haya. Jibu letu lilikuwa sahihi, lakini halikumwambia afanye nini na cherero waliobaki, wala lini mtoto aweza kupata ndege mwingine. Na sisi tulikuwa tukijua, kwa sababu mwaka uliopita nyumba yetu wenyewe ilikaribia kumpoteza mtu kwa ajili ya ndege.

Dada yetu mkubwa alipomaliza eda ya mumewe alihamia kwetu Mji wa Kale, Mombasa, akitoka Malindi. Alikuja na sanduku moja, cherehani, na kasuku wa kijivu wa marehemu. Kasuku wa aina hii akitunzwa vyema huishi miaka 40 na zaidi, na huyu alikuwa amekaa na shemeji yetu miaka 22. Sauti ya bwana wake alikuwa ameihifadhi yote. Kila alasiri, wakati wa kahawa ulipowadia, aliita: “Bi Mkubwa, kahawa!” kwa sauti ile ile ya marehemu, na kikohozi chake kidogo mwishoni. Dada yetu alikuwa akiitika “Labeka,” kisha huinama tena juu ya cherehani.

Nyumbani tulikuwa na cherero wawili wa kijana wetu, na jozi ya kasuku wadogo wa Australia, wa rangi ya buluu, wa binti yetu. Tulilitundika tundu la mgeni ukumbini, likigusana na tundu la cherero, ili wajuane. Hilo ndilo neno tulilolitumia: wajuane. Siku ya tatu kasuku alishika fito za tundu lake kwa upande wa majirani, na cherero mmoja akamng’ata kidole akakikata ncha. Msomaji asidhani ya kuwa mkubwa wa mwili ndiye mshindi. Cherero ana urefu wa sentimita 14 au 15, hafiki nusu ya kasuku wa kijivu, lakini ni mkali wa kulinda mahali pake, na silaha yake huielekeza miguuni.

Damu ilizuiwa. Walakini tangu siku hiyo kasuku alinyamaza, akaanza kujing’oa manyoya ya kifuani moja baada ya moja. Alasiri zikawa zinapita bila ya mtu kuitwa. Dada yetu hakulalamika. Siku ya kumi alimuuliza mama watoto kodi ya chumba Majengo siku hizi ni kiasi gani.

Tulimwita kijana wetu tukamwambia awaondoe cherero wake. Akasema kwa adabu, “Baba, hawa wangu hawana kosa. Wao walikuwa wa kwanza, na ni sisi tuliowawekea mtu mlangoni.” Shangazi yake aliyekuwa akisikiliza akasema, “Mtoto amenena kweli, ndugu yangu.” Nasi hatukuwa na la kumjibu yeyote kati yao.

Tulikwenda kwa daktari wa mifugo. Neno lake la kwanza ndilo ambalo tungependa kila nyumba ilishike kabla ya mengine yote. Porini, alisema, ndege huteta kila siku na ni nadra kuuana, kwa sababu anayeshindwa huruka akaenda zake. Tunduni hana pa kwenda. Ugomvi ambao mtini ungekwisha kwa mbawa mbili, ndani ya fito huendelea hadi mmoja afe. Basi kazi ya mwenye nyumba ni kumpa kila ndege pa kukimbilia, na kutolazimisha ukaribu.

Chiriku wa yule mama alitiwa usiku katika nyumba ya watu, hajui kitagaa kipi ni cha nani, naye ana mdomo wa kuvunjia mbegu tu. Mdomo uliopinda usiwekwe tundu moja na mdomo ulionyooka: kasuku na jamaa zake wote mbali, chiriku na wenzake mbali. Hata miongoni mwa wenye midomo iliyopinda, cherero hukaa na cherero. Kasuku wa Australia ni wapole zaidi na hupatana wenyewe kwa wenyewe wakiwa na nafasi, lakini wao nao wakitiwa pamoja na cherero huumizwa.

Kosa letu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, na twalikiri kwa kuwa tulikwisha kuonywa nalo. Ndege mgeni hukaa kwanza katika chumba chake peke yake, siku 30 kwa uchache, na madaktari wengi hutaka 45. Miaka kadhaa nyuma tulinunua njiwa jozi moja sokoni, wazuri wa kutazamwa, tukawapandisha darini siku ile ile. Haikupita muda shingo zikaanza kupinda, mmoja baada ya mwingine, mfano wa kuku mwenye kideri, na tukazika njiwa 11. Ugonjwa huo ni jamaa wa kideri chenyewe. Juu ya hayo kuna homa ya kasuku, ambayo humwingia hata mwanadamu kwa vumbi la kinyesi kilichokauka na kumletea homa na kikohozi cha mapafu; ina dawa, lakini mtu akipata homa aseme kwa tabibu kwamba nyumbani kuna ndege. Kwa hiyo wakati wa kutengana, walishwe kwanza wenyeji, kisha mgeni, kisha mikono ioshwe kwa sabuni. Kinyesi kirowanishwe kwa maji kabla ya kufagiliwa. Ndege aliyejitutumua manyoya mchana kutwa, au aliyeshuka kukaa sakafuni mwa tundu, au ambaye mkia wake hupanda na kushuka kila apumuapo, ni mgonjwa, na si wa kungojewa hadi kesho.

Tulianza upya. Kasuku alihamishiwa chumba cha dada yetu, mlango ukafungwa. Wiki ya tatu kifua kilikuwa hakijaota kitu bado, lakini alikuwa ameacha kujing’oa. Muda ulipotimia tuliuacha mlango wazi saa za asubuhi, wakasikizana. Kisha tundu lake likatolewa ukumbini, upande wa pili kabisa, na kila siku chache tukalisogeza kidogo. Tuliwatazama miili yao, kwa kuwa ndege husema kabla ya kupigana: huinama mbele, hubana manyoya, hufunua mdomo, humkodolea mwenzake jicho. Tukiona hivyo twarudi nyuma hatua moja, bila ya kugomba. Safari hii hatukuwagusanisha. Baina ya tundu na tundu pana dhiraa mbili, na huo ndio mwisho wa safari yao. Hawatalala pamoja kamwe, wala hatuoni upungufu katika hilo. Kutoka nje ya tundu hutoka kwa zamu, hawa asubuhi na yule alasiri, na mtu mzima akiwapo.

Kwa wenye ndege wa jinsi moja wanaotaka kuwaunganisha, mkutano wa kwanza uwe mahali ambapo si pa yeyote, mezani katika chumba kingine, kwa dakika chache na nafaka mbele yao. Tundu lipanguliwe kabla ya kuwatia, vitagaa na vyombo vihamishwe, hata mwenyeji aone ni pageni. Vyombo vya chakula na maji viwe vingi kuliko hesabu ya ndege na vitengane, kwani mmoja aweza kukalia chombo kimoja na mwenzake akafa njaa huku nafaka imejaa. Vitagaa vya juu viwe vingi na vya kimo kimoja. Idadi ya watatu ina taabu yake: wawili hujuana, wa tatu hupigwa. Na sanduku la kutagia likiondolewa, nusu ya vita hukwisha, kwa maana kiota ndicho kinachomgeuza hata mpole.

Kuna jambo ambalo akina mama hulielewa upesi kuliko sisi. Mgeni anapoingia, watu wote humkimbilia yeye, na yule wa zamani hutazama. Mama watoto ndiye aliyeamuru kwamba kila asubuhi cherero wasalimiwe kwanza, wapewe chakula kwanza, wafunuliwe kitambaa kwanza. Tulicheka. Baada ya muda tuliona kelele zao za asubuhi zimepungua.

Nyumba zetu za pwani zina hatari nyingine ambazo hazina uhusiano na ugomvi. Moshi wa udi na ubani tunaoupenda Ijumaa huyadhuru mapafu ya ndege, basi chetezo kikae mbali nao na madirisha yawe wazi. Kikaango kisichoshika chakula kikisahauliwa motoni hutoa hewa inayoua ndege kwa dakika chache. Panka lizimwe kabla ya tundu kufunguliwa. Parachichi ni sumu kwao.

Kuhusu kasuku wa kijivu, asili yake ni misitu ya Kongo na Afrika ya Magharibi, na tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya wale wanaokamatwa porini imepigwa marufuku. Hapa Kenya kumweka bila ya kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS, ni kosa. Huyu wa dada yetu ana karatasi zake, marehemu alikuwa mtu wa kuhifadhi karatasi. Mwenye ndege wa porini wa aina yoyote, au anayetaka kununua, aulize ofisi iliyo karibu naye kabla ya kutoa fedha.

Yule mama tulimpelekea habari hizi kwa mkono wa mama watoto. Cherero wake wawili wametoshana, hawahitaji wa tatu. Mtoto akitaka tena chiriku, na apewe muda kwanza, kisha tundu jingine, ukuta mwingine.

Kasuku alikaa kimya miezi minne. Kidole hakikurudi, manyoya yamerudi kwa viraka. Siku alipoita tena, dada yetu alikuwa jikoni, mikono imejaa unga, na ilikuwa ni saa ile ile ya kahawa. Aliitika kutoka huko huko. Kijana wetu, ambaye hakuambiwa na mtu, aliondoka alipoketi akaenda kuteleka buli.