Aina za Adhabu na Makusudi Yake (Sehemu ya Nne): Urithi wa Kiboko na Haki ya Aliyedhurika

Kila zinapofika sherehe za Muungano Aprili 26 na za Uhuru Desemba 9, habari za msamaha wa Rais kwa wafungwa hurudi katika vyombo vya habari vya Tanzania, na pamoja nazo hurudi mjadala wa wale wanaoshangilia ndugu zao kurudi nyumbani na wale wanaouliza kwa uchungu kama makosa waliyotendewa yamesahauliwa. Mwaka 2017, kwa mfano, wafungwa 8,157 walinufaika na msamaha huo, ambapo 1,828 waliachiwa huru na 6,329 waliobaki walipunguziwa muda wa vifungo vyao. Mamlaka hayo yamo katika Ibara ya 45 ya Katiba, na uhalali wake si jambo la kubishaniwa hapa. Linalostahili kutafakariwa ni swali lililojificha nyuma ya habari hizo: ikiwa maelfu ya watu wanaweza kupunguziwa adhabu kwa siku moja bila nchi kutikisika, ni kusudi gani hasa lililokuwa likitimizwa walipokuwa ndani, na aliyeibiwa, aliyejeruhiwa au aliyechomewa nyumba alipata nini katika muda wote huo?

Sehemu zilizotangulia zimekwisha kueleza kosa la jinai ni nini, mashtaka huthibitishwaje pasipo shaka ya kuridhisha, na hakimu huzingatia nini anaposikiliza maombi ya mtu aliyetiwa hatiani ya kupunguziwa adhabu. Itoshe kukumbusha kwamba Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, inataja adhabu za kifo, kifungo, viboko, faini, kutaifishwa kwa mali, kulipa fidia na kuweka ahadi ya kulinda amani, yaani hati ambayo mkosaji hutia saini akikubali kutunza mwenendo mwema kwa muda uliowekwa, la sivyo atawajibika kwa fedha au kwa kuitwa tena mahakamani. Mahakama pia inaweza kumwachia mkosaji kwa masharti, au bila masharti yoyote pale ambapo kosa ni dogo na mazingira yake yanastahili huruma.

Wanasheria wamezoea kuyagawa makusudi ya adhabu hizo katika mafungu matano. La kwanza ni malipo ya haki, yaani mkosaji aumie kwa kadiri ya uovu wake na si zaidi. La pili ni kuzuia, ambako mkosaji mwenyewe huogopeshwa asirudie na wengine huogopeshwa kwa kumtazama yeye. La tatu ni kumtenga mtu hatari asiwafikie raia, la nne ni kumrekebisha ili atoke akiwa mtu mwingine, na la tano ni kurudisha kilichoharibika, iwe mali, heshima au amani kati ya pande mbili. Mtaliano Cesare Beccaria, katika kitabu chake cha mwaka 1764 kuhusu makosa na adhabu, alikwisha kuonya kwamba kinachomzuia mtu kutenda uovu ni uhakika wa kukamatwa na kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu yenyewe. Onyo hilo lina zaidi ya miaka 250, na bado kila jambo baya linapotokea kilio cha kwanza kusikika ni cha kuongeza miaka ya kifungo.

Ili kuelewa ni kwa nini fungu la tano, la kurudisha, limekuwa yatima katika mahakama za Afrika Mashariki, hakuna budi kurudi nyuma kabla ya gereza la kwanza kujengwa. Jamii nyingi za eneo hili hazikuwa na gereza hata kidogo, kwa sababu kumfungia mtu mwenye nguvu mahali asipolima wala kuchunga, huku wengine wakimlisha, kulionekana kuwa hasara juu ya hasara. Aliyeiba ng'ombe alirudisha ng'ombe na nyongeza, na ukoo wake ulibanwa kusaidia kulipa, jambo lililoufanya ukoo wenyewe kuwa mlinzi wa tabia za vijana wake. Katika miji ya pwani, ambako hukumu zilifuata sharia ya Kiislamu, warithi wa aliyeuawa waliwekewa njia tatu mbele yao, kudai kisasi, kupokea diya, yaani fidia ya damu, au kusamehe, na hivyo neno la mwisho lilikuwa mikononi mwa waliofiwa. Miongoni mwa Wachaga wa Kilimanjaro, mkosaji aliyekiri kosa alimpelekea aliyemkosea jani la isale, mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa mipakani mwa mashamba, na aliyepokea jani hilo aliona vigumu sana kukataa kusikiliza, kwa kuwa kulikataa kulimhamishia yeye lawama. Baada ya hapo wazee walikaa, pombe ya mbege ikanywewa, fidia ikapangwa na uhasama ukazikwa mbele ya mashahidi.

Haifai kuzipamba enzi hizo kupita kiasi, maana kulikuwa na watuhumiwa wa uchawi waliouawa pasipo ushahidi, na kulikuwa na watu waliotolewa wao wenyewe kuwa malipo ya deni la damu. Hata hivyo, msingi mmoja ulikuwa wa haki na unapaswa kukumbukwa: aliyedhurika alikuwa mhusika mkuu wa shauri, na shauri halikuhesabiwa kuwa limekwisha mpaka yeye ametulizwa.

Msingi huo uling'olewa kwa nguvu na utawala wa Wajerumani. Desemba 1889 Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani dhidi yao, alinyongwa Pangani, na mwaka 1895 mpinzani mwingine, Hassan bin Omari Makunjanya, alinyongwa Kilwa kwenye mti ambao hadi leo unakumbukwa kwa jina la Mwembe Kinyonga. Adhabu ya kifo ikawa onyesho la dola mbele ya wananchi, na haikuwa na uhusiano wowote na kumtuliza mtu aliyedhurika. Kisha, kwa amri ya Kansela wa Ujerumani ya Aprili 22, 1896, adhabu kwa wenyeji wa makoloni ya Afrika zilipangwa rasmi kuwa viboko, faini, kifungo pamoja na kazi ngumu, kifungo cha minyororo, na kifo.

Amri hiyo inastahili kusomwa kwa makini na kila mwanafunzi wa sheria, kwa sababu inaonyesha namna ukatili unavyoweza kuvikwa joho la utaratibu. Iliweka kikomo cha mapigo 25 kwa mara moja, ikaruhusu awamu ya pili baada ya majuma mawili, ikataka Mzungu awepo kushuhudia, na ikaagiza kwamba pale alipokuwapo daktari aitwe kwanza amtazame anayepigwa. Wanawake, Waarabu na Wahindi walisamehewa viboko, na wavulana wa chini ya miaka 16 walipigwa kwa fimbo nyembamba. Chombo chenyewe kilikuwa ni kipande cha ngozi nene ya kiboko iliyokaushwa, na mapigo yale 25 yakabaki katika vinywa vya watu kwa jina la hamsa ishirini, ambalo wazee wa pwani na bara walilisimulia kwa wajukuu wao miaka mingi baada ya Wajerumani kuondoka. Wafungwa wa minyororo walifungwa pamoja shingoni kwa mnyororo mmoja, wakapelekwa kubeba maji, kujenga barabara na kusafisha boma, hivi kwamba adhabu na utafutaji wa nguvukazi ya bure vikawa kitu kimoja. Bernhard Dernburg, waziri wa makoloni wa Ujerumani aliyetembelea nchi hii mwaka 1907, muda mfupi baada ya Vita vya Maji Maji, alirudi kwao akilalamika jinsi walowezi walivyozoea kutembea na viboko mikononi, na akajaribu kuidhibiti adhabu hiyo. Inatosha kukumbuka kwamba viboko vya maakida na majumbe katika mashamba ya pamba vilikuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyowasha vita hivyo mwaka 1905.

Waingereza walipochukua Tanganyika walileta kwanza Kanuni ya Adhabu ya India, na mwaka 1930 wakaweka mahali pake kanuni ambayo, pamoja na marekebisho mengi, ndiyo mama wa ile inayotumika sasa. Gereza likawa adhabu ya kawaida kwa karibu kila kosa, na mtu aliyeshindwa kulipa kodi ya kibanda au ya kichwa aliweza kujikuta humo pamoja na mwizi sugu. Mwaka 1931 Idara ya Magereza ilitenganishwa na Polisi, na katika muongo huohuo gereza la shamba la King'olwira, karibu na Morogoro, lilianzishwa bila kuta, likiwa dalili kwamba hata watawala wale walianza kuona mipaka ya kufuli. Kwa jumla, hata hivyo, kosa liligeuka kuwa ugomvi kati ya mkosaji na Serikali, na aliyedhurika akabakizwa kizimbani mwa mashahidi, akitoa ushahidi na kwenda zake.

La kusikitisha zaidi ni kwamba Uhuru haukuuvunja urithi huo mara moja. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963, iliyotungwa kwa nia njema ya kukomesha rushwa, wizi wa mali ya umma, uvunjaji wa nyumba na wizi wa mifugo, iliweka kifungo kisichopungua miaka miwili pamoja na viboko 24, na hakimu akanyang'anywa uwezo wa kupima hali ya mtu aliye mbele yake, isipokuwa katika nafasi finyu sana. Viboko hivyo viligawanywa mara mbili, na watu wakatunga msemo ambao haujasahaulika: kumi na mbili za kuingia, kumi na mbili za kutoka ukamwonyeshe mkeo. Taifa lililokuwa limetoka kuuangusha mfumo wa hamsa ishirini lilijikuta likipungukiwa pigo moja tu. Sheria ya mwaka 1972 iliyochukua nafasi yake iliachana na viboko hivyo vya lazima, lakini mtindo wa adhabu za chini uliendelea kukua, hata leo unyang'anyi wa kutumia silaha hauna kifungo cha chini ya miaka 30, na viboko vingali ndani ya vitabu vya sheria.

Kuhusu adhabu ya kifo, yatosha kusema kwamba mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya aliitangaza kuwa kinyume cha Katiba katika shauri la Mbushuu, na mwaka 1995 Mahakama ya Rufani, ingawa ilikubali kwamba ni adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, ikasema Ibara ya 30(2) inairuhusu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la Muruatetu, ilikataa kifo kuwa adhabu ya lazima, na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikafikia msimamo unaofanana na huo dhidi ya Tanzania katika shauri la Ally Rajabu na wenzake. Hoja kuu katika mashauri haya mawili ya mwisho ni moja: hakimu asiyeruhusiwa kupima si hakimu kamili.

Dawa ya sehemu kubwa ya tatizo hili imekwisha kuwekwa mezani. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inairuhusu mahakama, kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, kumpa mkosaji kazi ya manufaa ya umma bila malipo badala ya kumpeleka gerezani, baada ya ofisa anayehusika kuchunguza makazi, familia na mwenendo wake na kuandika taarifa. Mtu huyo hufyeka uwanja wa zahanati au kukarabati madarasa, jioni akarudi kwake, na wanawe hawakosi chakula. Sheria ya Uangalizi wa Wakosaji inaruhusu mkosaji kubaki uraiani akifuatiliwa na ofisa wa uangalizi, na Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 inawafungulia baadhi ya wafungwa wa vifungo virefu mlango wa kutoka mapema kwa masharti. Aidha, mahakama ina uwezo wa kuamuru fidia kwa aliyedhurika katika hukumu hiyohiyo ya jinai, bila kumlazimisha afungue kesi nyingine ya madai.

Vipo vikwazo vya kweli, kama uhaba wa maofisa wa uangalizi na dhana ya wananchi kwamba asiyekwenda jela amehonga, lakini vikwazo hivyo havihalalishi mazoea ya kutamka faini au jela kana kwamba sheria haina ukurasa mwingine. Jambazi na mbakaji watengwe na jamii, na hilo halina mjadala. Lakini kijana aliyeiba kuku au simu, akafungwa miezi sita pamoja na wahalifu wazoefu, hutoka akiwa amejifunza wizi mkubwa zaidi, ilhali mwenye kuku hajalipwa hata unyoya, na walipa kodi wamemlisha mwizi miezi yote hiyo.

Kwa hiyo waendesha mashtaka wajizoeze kuomba amri ya fidia katika kila shauri ambalo mtu amepata hasara, mahakimu wajiulize kwanza kama huduma kwa jamii inafaa kabla ya kuandika hati ya kifungo, na Serikali iajiri maofisa wa uangalizi wa kutosha katika kila wilaya. Wananchi nao wanapokwenda mahakamani kama walalamikaji wasione haya kuitaja hasara yao na kudai walipwe, kwa maana sheria tayari imewapa haki hiyo, na haki isiyodaiwa haiwezi kutolewa.