Michoro ya Ardhini katika Jangwa la Nazca: Kazi ya Nani, na kwa Ajili ya Nani?

Mchungaji ahudumiaye vijana wa sekondari na vyuo hukutana na maswali yasiyomo katika mtaala wa seminari. Mojawapo limenifikia zaidi ya mara moja, darasani na hata mlangoni pa kanisa baada ya ibada. Kijana huja na picha mkononi, akasema: "Mchungaji, huko Peru kuna michoro mikubwa jangwani ambayo haionekani ila kutoka angani. Watu wa kale hawakuwa na ndege. Basi ni nani aliyeichora?" Na kabla hajajibiwa huongeza kwamba wageni hao hao kutoka sayari nyingine ndio aliowaona nabii Ezekieli kando ya mto Kebari.

Swali hilo halistahili kuchekwa. Chanzo chake ni kitabu kilichotolewa mwaka 1968 na Erich von Däniken, mwandishi wa Uswisi, ambacho kilisomwa na mamilioni ya watu. Mwandishi huyo aliieleza mistari ya Nazca kama kitu kinachofanana na uwanja wa ndege, na maono ya Ezekieli kama habari ya chombo cha anga. Mtumishi wa Neno asiye na la kujibu atabaki ama kunyamaza ama kukemea, na yote mawili hayamsaidii kijana. Kwa hiyo yafaa tuitazame michoro yenyewe, mahali ilipo, na watu walioishi kando yake.

Nazca ni eneo la kusini mwa Peru, yapata kilomita 400 kutoka Lima, kati ya bahari ya Pasifiki na milima ya Andes. Mvua huko karibu hainyeshi kabisa. Mito michache hushuka kutoka milimani, nayo hukauka kwa sehemu kubwa ya mwaka. Watu waliishi katika mabonde membamba ya mito hiyo wakilima mahindi, maharagwe na pamba. Na kati ya bonde na bonde ilitanda nyanda tupu ya mawe. Juu ya nyanda hiyo, na katika miteremko ya Palpa iliyo jirani, ndiko michoro iliko. Ya zamani zaidi, hasa sura za watu zilizo kwenye miteremko, ni ya watu wa Paracas, waliotangulia kuzaliwa kwa Kristo kwa karne kadhaa. Iliyo mingi ni ya Wanazca waliowafuata, ambao utamaduni wao ulidumu tangu karibu mwaka 200 kabla ya Kristo hadi karne ya 7 baada yake.

Namna ilivyochorwa si fumbo. Uso wa jangwa umefunikwa na mawe madogo ambayo kwa miaka mingi yamepata utando mweusi mwekundu wa chuma na manganizi. Chini yake kuna udongo wa rangi hafifu. Mtu akiyaondoa mawe na kuyapanga kandokando, hupata mstari mweupe wenye kingo nyeusi. Kina chake ni cha sentimita chache tu, mahali pengine hadi 30. Vigingi vya mbao vimeonekana kwenye ncha za baadhi ya mistari. Na kwa vigingi na kamba mchoro mdogo waweza kukuzwa hadi kufikia kipimo chochote. Mwaka 1982 Mmarekani Joe Nickell, akisaidiwa na jamaa zake wachache, alikichora upya katika shamba huko Kentucky kielelezo cha kondori wa Nazca mwenye urefu wa mita zaidi ya 130. Walitumia vigingi, kamba na chokaa, bila mtu yeyote kuwaongoza kutoka angani, na kazi ikaisha katika muda wa siku mbili.

Hata hivyo swali la kijana wetu lina sehemu ya pili, nayo ndiyo nzito zaidi. Kwa nini mtu achore kitu asichoweza kukiona?

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotoka, kwa sababu tumeijua michoro hii kwa njia ya picha zilizopigwa na ndege. Tunadhani kwamba mchoro ni lazima uwe wa kutazamwa. Lakini mtafiti Mperu, Toribio Mejía Xesspe, aliyeifikia mistari hiyo kwa miguu katika miaka ya 1920, aliona jambo jingine: aliiita njia za ibada. Ushahidi uliokusanywa tangu wakati huo unazidi kumpa haki. Vielelezo vingi mashuhuri, kama yule ndege mdogo anyonyaye maua anayefanana na chozi wetu, vimechorwa kwa mstari mmoja usiojikata popote. Mtu huingia upande mmoja, hufuata umbo lote, na kutokea upande wa pili. Anthony Aveni na wenzake walipoifuata mistari mirefu kwa miguu, waligundua kwamba mingi huanzia kwenye vilima vidogo na kutawanyika kama miali, ikiunganisha kilima na kilima, na mara nyingi ikihusiana na mikondo ya maji. Kandokando yake vimelala vigae vya vyungu vilivyovunjwa. Huko Palpa, Markus Reindel na Johny Isla, walioanza utafiti wao mwaka 1997, walichimba majukwaa ya mawe kwenye ncha za maumbo makubwa ya pembe nne, wakakuta mazao, mabaki ya kamba wa mtoni, na magamba ya Spondylus, chaza wa bahari za joto za kaskazini ya mbali, ambaye watu wa Andes walimhusisha na maji na mvua.

Tukiyaweka haya pamoja, picha inayojitokeza ni ya watu wanaokwenda. Wanatoka bondeni wakiwa wengi, wanakanyaga njia iliyoandaliwa na baba zao, wanavunja vyombo, wanaacha sadaka. Na wanachokiomba, katika nchi ile, si vigumu kukikisia.

Ng'ambo ya nyanda hiyo, kando ya mto Nazca, pako mahali paitwapo Cahuachi, penye vilima kama 40 vilivyotengenezwa kwa matofali mabichi. Zamani wataalamu walidhani ni mji. Helaine Silverman alipochimba katika miaka ya 1980 alikuta nyumba za kuishi ni chache mno; palikuwa mahali pa kuhiji, ambapo watu walikusanyika kwa majira kisha wakarudi makwao. Giuseppe Orefici, aliyefanya kazi hapo kwa miongo mingi, alipata filimbi za udongo zilizovunjwa kwa makusudi. Sisemi kwamba kila walilolifanya lilikuwa jema. Vichwa vya watu vilivyokatwa na kutobolewa paji la uso, ili vitiwe kamba, ni sehemu ya mabaki yao, na mwalimu mwaminifu hatavificha. Ila dini yao, kama dini nyingine, ilikuwa na viwanja, nyimbo na miguu yenye vumbi.

Mwaka 2024 ushahidi mwingine uliongezeka. Masato Sakai wa Chuo Kikuu cha Yamagata, Japani, na wenzake walitumia akili bandia kuchunguza picha za angani, wakatangaza vielelezo vipya 303, idadi iliyokaribia kuongeza maradufu vile vilivyojulikana. Vingi ni vidogo, vya wastani wa mita 9, vikionyesha watu na wanyama wa kufugwa, navyo viko kando ya vijia vya kale vya miguu ambako mpita njia huviona bila kupanda popote. Vile vikubwa vya mstari, vya wastani wa mita 90, huonyesha zaidi wanyama wa porini, navyo viko karibu na mtandao wa mistari ya ibada ya pamoja.

Sina budi kumtaja pia Maria Reiche, Mjerumani aliyezaliwa Dresden mwaka 1903. Alianza kazi huko kwa msukumo wa Paul Kosok, ambaye mwaka 1941, akichunguza mifereji ya kale, aliliona jua likitua sawasawa juu ya mstari mmoja katika majira yake ya mwisho ya kaskazini. Wote wawili walisadiki kwamba michoro ni kalenda ya nyota. Gerald Hawkins alipoipima hoja hiyo kwa kompyuta mwaka 1968, mistari iliyolenga nyota au jua haikuzidi ile ambayo bahati tu ingeweza kuleta. Nadharia ya mama huyo ilidhoofika; lakini kwa miaka zaidi ya 40 aliipima mistari, akaifagia kwa ufagio, na kulipa walinzi kwa fedha zake. Alifariki mwaka 1998. Nimejifunza kumheshimu mtu aliyekosea maelezo na bado akakitunza kitu chenyewe.

Kwa nini basi nasema kwamba nadharia ya wageni wa anga si mzaha usio na madhara? Kwa sababu sisi Waafrika tumekwisha kuonja dawa hiyo. Mwaka 1871 Karl Mauch alifika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, akakata kibanzi cha mti wa kizingiti, akaona kinafanana na mbao ya kalamu yake ya risasi, akahitimisha kwamba ni mwerezi wa Lebanoni na kwamba jumba lilijengwa kwa ajili ya Malkia wa Sheba. Ndivyo Maandiko yetu yalivyotumiwa kuwanyang'anya Washona kazi ya babu zao. Gertrude Caton-Thompson alithibitisha mwaka 1929 kwamba wajenzi walikuwa Waafrika, lakini serikali ya walowezi haikupenda kuyasikia hayo hata miongo mingi baadaye. Wanazca wanatendewa vivyo hivyo: wanaambiwa kwamba hawakuweza. Na Ezekieli naye hunyang'anywa, kwa maana nabii aliyewaambia mateka wa Babeli kwamba utukufu wa Bwana haukufungiwa Yerusalemu hugeuzwa kuwa shahidi wa mitambo.

Wajukuu wa nchi ile wanayo mengine ya kuonyesha. Mifereji ya chini ya ardhi iitwayo puquios, yenye mashimo ya kushukia yaliyozungushiwa mawe kama konokono, bado huleta maji mashambani. Katharina Schreiber na Josué Lancho, walioichunguza kwa miaka mingi, wameieleza kuwa ni kazi ya Wanazca wenyewe. Watu walioweza kuyafuata maji gizani chini ya ardhi hawakuhitaji kufundishwa kuvuta kamba juani.

Ukame uliohifadhi michoro ndio pia huhifadhi kila kosa. Barabara kuu ya Amerika ilimkata mjusi mmoja vipande viwili kabla hajajulikana. Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, uliandikisha eneo hilo katika Urithi wa Dunia mwaka 1994. Desemba 2014 wanaharakati wa mazingira waliingia kwa miguu hadi karibu na yule ndege mnyonya maua ili kutandika maandishi yao, na nyayo zao zikabaki. Januari 2018 lori lilipita juu ya mistari. Mei 2025 serikali ya Peru iliipunguza hifadhi kwa zaidi ya sehemu mbili katika tano, hatua iliyozua hofu ya uchimbaji wa madini, kisha Juni mwaka huo huo ikaifuta amri yake na kuirudisha mipaka ya awali.