Ugonjwa wa Injini Unaokuja na Kuondoka

Aliyepata kupanda motokaa kuukuu kutoka Himo kwenda Marangu aujua ugonjwa huu. Injini yaenda vizuri tambarare. Mlima uanzapo yashtuka, yakohoa, yapoteza nguvu, kisha yatengemaa kana kwamba haikuwa na neno. Mafundi husema "inamisi", yaani silinda moja imeshindwa kuwaka zamu yake ilipofika. Tena ukiipeleka kwa fundi, mbele yake haikosi hata mara moja!

Sisi twalijua jambo hili kwa gharama. Tulikuwa na Land Rover ya zamani, ya petroli, yenye silinda nne. Tulinunua plagi mpya, kisha kabureta. Fedha ya kahawa ikaisha, ugonjwa ukabaki. Usiku mmoja wa masika tulikuwa tukimpeleka mama mjamzito hospitali. Tulipovuka kijito na kuanza kupanda, injini ikatetemeka kama mtu mwenye homa. Tukafungua boneti gizani, na tazama, cheche za samawati zilikuwa zikiruka kutoka waya wa plagi moja hadi chuma cha injini! Waya ulikuwa na ufa. Tukazima, tukaukausha kwa kitambaa, tukafika salama. Kosa letu ni kwamba tulinunua dawa kabla ya kumwuliza mgonjwa swali.

Swali lenyewe ni hili: Inakosa wakati gani?

Ikikosa wakati wa mvua au ukungu, shuku nyaya za plagi na kifuniko cha distributa. Koili hutoa umeme upitao volti 10,000, nao ukipata njia ya maji huifuata, ukaiacha plagi.

Ikikosa baada ya mwendo mrefu, na kupona ikipoa, shuku koili au kondensa.

Ikikosa mlimani tu, huenda petroli haitoshi: tazama chujio, pampu na takataka za tangi. Lakini plagi dhaifu nayo hushindwa hapo, maana mgandamizo wa silinda huzidi. Tena hewa ya juu ni nyepesi. Mji wa Moshi u karibu meta 800 juu ya bahari, na Marangu hupita meta 1,300. Kabureta iliyopimwa Dar es Salaam hutoa huku petroli nyingi kupita hewa, na plagi hupakwa masizi meusi.

Ikikosa penye mashimo, tafuta waya uliolegea.

Sasa itafuteni silinda yenyewe, wakati ugonjwa upo. Zima injini, ondoa waya wa plagi moja, uufunge kwenye chuma cha injini, kisha washa. Usiuguse injini ikienda. Mwendo ukiharibika zaidi, silinda hiyo ni nzima. Usipobadilika, ndiyo mgonjwa. Zima, badilishana plagi yake na ya jirani. Ugonjwa ukihama, plagi ndiyo mbovu. Ukibaki, jaribu waya vivyo hivyo. Lakini badilisheni kitu kimoja kwa mara moja, ama hamtajua kilichoponya.

Wekeni daftari ndani ya motokaa. Andikeni siku, hali ya hewa, mahali, na kama injini ilikuwa baridi au moto. Mpeni fundi daftari hilo kabla hajashika bisibisi.