Ubao wa Saketi: Elimu Inayogawiwa

Watu wengi hudhani kwamba ala ya muziki ya umeme haina budi kutoka katika kiwanda kikubwa cha ng'ambo. Mfano wa Uganda waonyesha vingine. Mjini Kampala, Brian Bamanya aliona kwamba bei ya sinthesaiza za kununua ni kubwa mno. Akajiundia yake kwa vipuri vya madukani na michoro ambayo wapenzi wa ufundi huo huitoa bure. Muziki wa chombo hicho ulitolewa mwaka 2022 katika albamu iitwayo The Afrorack.

Sinthesaiza huunda sauti pasipo nyuzi, ngozi wala pumzi. Moyo wake ni saketi inayotetemesha umeme. Kapasita hujazwa chaji kupitia rezista, kama mtungi unaojazwa kwa mrija mwembamba. Ikifikia kiwango fulani, swichi ya kielektroni hugeuka na kapasita huanza kumwaga chaji. Ikipungua, swichi hugeuka tena. Chukua rezista ya ohmu 100,000 na kapasita ya maikrofaradi 0.1. Zao lake ni sekunde 0.01, basi saketi hutetema takriban mara 100 kwa sekunde, nayo ni sauti nzito. Ukinzani ukipunguzwa kwa nusu, mitetemo huwa maradufu, na sauti hupanda oktava moja.

Saketi ndogo huweza kuungwa kwa nyaya. Saketi yenye viungo mamia huhitaji ubao maalumu uliofunikwa utando wa shaba. Shaba isiyotakiwa huondolewa kwa kemikali, na mistari inayobaki hufanya kazi ya nyaya. Kupanga mistari hiyo isigusane ni kazi ya subira. Siku hizi hufanywa kwa kompyuta, kwa programu za bure kama KiCad, iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992.

Kosa moja la mchoro hurudiwa katika kila ubao. Kwa hiyo mbunifu anayejitolea hutengeneza kwanza mbao chache na kuzijaribu. Wenzake huzijenga, humweleza kasoro, naye husahihisha. Anayepokea mchoro hupokea pia saa nyingi za majaribio ya wengine. Tena, mchoro ulio wazi huishi kuliko mtengenezaji wake. Kampuni ya Mutable Instruments ya Émilie Gillet ilikoma mwaka 2022, lakini kwa kuwa michoro yake ilikuwa imetolewa wazi, vyombo vyake vingali vikijengwa.

Jambo hili lamhusu pia mwanafunzi wa Mvumi, wilayani Kilosa. Rezista na kapasita hupatikana katika redio mbovu. Saketi unganifu ya namna ya 40106 hufanya kazi ya swichi. Betri ya volti 9 na spika yenye amplifaya ya betri hukamilisha jaribio. Umeme wa nyumbani usitumiwe kamwe. Mwalimu awaongoze wanafunzi kukadiria mitetemo kwa hesabu, kisha kuilinganisha na ile inayopimwa.

Mwishowe mchoro uandikwe safi, pamoja na vipimo na masahihisho, wapewe wanafunzi wa mwaka unaofuata. Ujuzi wa mafundi redio wengi hupotea kwa kukosa karatasi kama hiyo. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.