Beba triko, twende Bukavu

Mwaka 2019 nilimsindikiza mdogo wangu Bukavu. Sisi watu wa pori la Punia tulitetemeka kwa baridi: mji uko milimani, karibu mita 1500 juu, na chini yake Ziwa Kivu. Wabelgiji waliuita Costermansville. Mpaka 1988 ulikuwa makao makuu ya jimbo la Kivu, na Maniema yetu ilikuwa ndani yake.

Tangu alipozaa, mdogo wangu alikuwa akivuja mkojo, akajificha nyumbani. Hospitalini Panzi alipasuliwa, akapona. Tuliporudi, aliimba kanisani tena.

Mama, fistula ni ugonjwa, si laana. Usijifiche. Nenda kwanza kituo cha afya, useme.