Likizo visiwani Ssese: Mchanga mweupe, ziwa lenye masharti

Ukitaja ufukwe na likizo, familia nyingi za Izimbya hufikiria Zanzibar. Kwa mtu wa vilima na migomba ya Bukoba Vijijini, Nungwi au Paje ni safari ya kuikata nchi nzima hadi Dar es Salaam, kisha kupanda boti. Ukishajumlisha nauli ya baba, mama na watoto watatu, mpango huahirishwa hadi mwaka mwingine.

Kipo kisiwa kingine kilicho karibu zaidi. Kinaitwa Bugala, kikubwa kuliko vyote kati ya visiwa 84 vya Ssese, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria. Makao makuu ya wilaya ni mji mdogo wa Kalangala, na chini yake, kwenye ghuba ya Lutoboka, zimejipanga hoteli za ufukweni zenye mchanga mweupe, miti mikubwa na tumbili wanaovizia ndizi mezani. Hakuna pilikapilika. Watu huenda kulala, kula samaki na kutazama jua likizama.

Kwa Wahaya, visiwa hivyo si vigeni. Simulizi za wazee humtaja Mugasha, mwenye ziwa. Waganda humwita Mukasa, na makao yake makuu ni kisiwa cha Bubembe, hukohuko Ssese. Hata lugha ni ndugu: mtu wa Kihaya akituliza sikio, anaokota maneno mengi ya Kiganda.

Mzazi anayetaka kwenda huko anahitaji kujua njia, lakini zaidi anahitaji kuyajua maji yenyewe.

Njia na karatasi

Kutoka Izimbya unafika Bukoba mjini, unapanda gari la Mutukula kupitia Kyaka, unavuka mpaka na kuendelea hadi Masaka. Hapo unaacha barabara ya Kampala na kushika ya Bukakata, ufukweni mwa ziwa. Kivuko huvusha watu na magari bila nauli kutoka Bukakata hadi Luku, kwenye kisiwa cha Bugala. Kutoka Luku hadi Kalangala ni mwendo wa gari kukatiza mashamba ya michikichi. Panga kulala njiani, Masaka kwa mfano, ili uvuke mchana na watoto wasichoke.

Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na mtoto awe na yake. Mzazi anayesafiri na watoto peke yake abebe vyeti vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mwenzake. Mpakani huulizwa pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo hutolewa kuanzia umri wa miezi 9, na cheti huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usisubiri wiki ya safari. Aliyekwisha kuchanjwa hahitaji kurudia, kwani tangu Julai 2016 cheti hicho hutambuliwa maisha yote.

Bahari haina kichocho, ziwa linacho

Hapa ndipo Ssese inapotofautiana na Zanzibar. Ukienda Paje, mtoto akioga baharini hapati kichocho, kwa sababu konokono wanaobeba vimelea vyake huishi kwenye maji baridi, yasiyo ya chumvi. Ziwa Victoria ni maji baridi, na kichocho cha tumbo kimeenea katika fukwe na visiwa vyake vingi, Tanzania, Uganda na Kenya.

Mtu mwenye ugonjwa akijisaidia ziwani au kando yake, mayai huingia majini na kuanguliwa. Vijidudu humwingia konokono, huongezeka ndani yake, kisha hutoka kwa wingi na kuogelea vikitafuta ngozi ya binadamu. Havihitaji kidonda wala mtu kumeza maji. Dakika chache za kuchezea maji ya kina kifupi zinatosha, na ndipo watoto wanapopenda kukaa.

Maji kuwa maangavu si dalili ya usalama. Kinachofaa kutazamwa ni matete, majani na magugumaji, maana konokono hujificha humo. Sehemu iliyo karibu na mwalo wa wavuvi au makazi yasiyo na vyoo ina hatari zaidi. Vijidudu hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, kuelekea adhuhuri. Kumfuta mtoto kwa taulo haraka baada ya kutoka majini hakutoshi kuwa kinga.

Njia ya uhakika ni kutoingia ziwani kabisa. Mtoto anaweza kujenga nyumba za mchanga, kucheza mpira, kutembea msituni na kupanda chombo bila kuoga ziwani. Hoteli ikiwa na bwawa linalotiwa dawa, mwache aogelee humo. Uliza pia maji ya bafuni yanatoka wapi. Yakiwa yanavutwa ziwani, mwogeshe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, au yaliyokaa kwenye chombo kilichofunikwa kwa siku 2. Ya kunywa yachemshwe.

Na mtoto wako naye asijisaidie ufukweni. Mzunguko wa kichocho unaanzia hapo.

Homa inayokuja baada ya likizo

Watoto ni watoto, na huenda ukageuka ukamkuta tayari ameingia majini. Usihangaike kumpa dawa siku hiyohiyo. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa, lakini haiwezi vizuri iliyo michanga. Ukiitoa mapema mno unaweza kudhani umemaliza kazi wakati ugonjwa unaendelea.

Mzazi aandike tarehe. Mtoto aliyeingia ziwani apimwe wiki 6 hadi 8 baadaye, kwa kipimo cha choo kikubwa kinachotafuta mayai ya minyoo hiyo. Akikutwa nayo, hupewa prazikwanteli kulingana na uzito wake, na ni vizuri awe amekula kwanza.

Kabla ya hapo kuna dalili za kuangalia. Siku moja au mbili baada ya kuoga, ngozi inaweza kuwasha na kutoka vipele. Wiki kadhaa baadaye inaweza kuja homa, kikohozi, maumivu ya tumbo na uchovu. Wakati huo likizo imesahaulika, na mtoto wa Kagera mwenye homa hufikiriwa malaria kwanza. Ni sawa kupima malaria, tena haraka, kwa sababu ipo Izimbya na ipo Ssese. Lakini kama kipimo hakioneshi malaria na homa inaendelea, mwambie mhudumu wa afya waziwazi: mtoto huyu aliingia ziwani tarehe fulani. Sentensi hiyo inaweza kubadilisha kipimo kitakachoandikwa.

Kichocho kisipotibiwa kwa muda mrefu huleta damu kwenye choo, upungufu wa damu, na kuvimba kwa ini na wengu. Kinatibika, ila ni lazima kijulikane kuwa kipo.

Woga wa maji haumfundishi mtoto

Kagera ina kumbukumbu nzito za ziwa. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, na mamia ya watu walikufa. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Bibi anayesema wajukuu wasipelekwe ziwani ana sababu zake, na hapaswi kuchekwa.

Lakini woga peke yake haumwokoi mtoto aliyekulia kwenye migomba na hajawahi kuona maji yanayozidi kimo chake. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Anatumia nguvu zote kutafuta pumzi, na walio hatua chache kando wanaweza wasijue.

Kwa hiyo familia ikifika ufukweni, wagawane zamu. Mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu ya kutazama watoto, bila simu wala bia, na mtoto mdogo awe mahali mkono unapofika. Zamu ikiisha, amkabidhi mwenzake kwa kutamka. "Wote tunawaangalia" mara nyingi huishia kuwa hakuna anayewaangalia.

Kwenye chombo, kila mtoto avae jaketi okozi la saizi yake, lililofungwa. Puto la kuogelea ni mchezo tu, halina kazi ya kuokoa. Kivuko kikijaa kupita kiasi, subirini kinachofuata. Msivuke usiku kwa mitumbwi, kwa sababu mvua za radi za ziwa hili huja sana kati ya usiku wa manane na asubuhi.

Mtoto akitolewa majini bila kupumua, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlazeni chali mahali pagumu, mwinueni kidevu, mpulizieni pumzi mdomoni, kisha bonyezeni katikati ya kifua kwa mfululizo, mkirudia vyote viwili huku mwingine akitafuta msaada. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Mkoba wa safari

Weka chandarua kwa kila kitanda, nguo za mikono mirefu za jioni, kofia, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, kipimajoto na dawa ambazo mtoto huzitumia siku zote. Jua la karibu na ikweta ni kali, hivyo michezo ya mchangani ifanyike asubuhi kabla ya saa nne na jioni baada ya saa kumi. Katikati ya siku watoto wale sato na matoke kivulini, kisha walale.

Jambo la mwisho halibebwi kwenye mkoba: weka kwenye simu yako kikumbusho cha wiki ya saba tangu kurudi, kiandike "kipimo cha kichocho", na orodhesha jina la kila mtoto aliyegusa maji ya ziwa.