Mimba ya Kwanza, Gemu za Simu na Kichwa Kisichoacha Kuuma

Mwanamke ninayetaka kumzungumzia alitoka Kimuli, wilayani Kyerwa, katika eneo ambalo hadi mwaka 2012 lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe. Alikuwa na umri wa miaka 22, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imefikia wiki ya 34. Baadhi ya maelezo nimeyabadilisha ili asitambulike, lakini mwenendo wa ugonjwa wake ni huu huu.

Jioni, baada ya kazi za shamba na za jikoni, yeye na mumewe walikuwa na kawaida ya kupokezana simu wakicheza Free Fire, mchezo ambamo wachezaji hadi 50 hushuka kisiwani na kupigana mpaka abaki mmoja. Mchezo mmoja huchukua kama dakika 10, lakini wao walikuwa wakicheza mingi kwa mfululizo, mara nyingine hadi usiku wa manane. Siku moja alianza kuumwa kichwa upande wa mbele. Kesho yake akaona kitu kama nyota zinazometameta mbele ya macho. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiwaonya tangu mwanzo, akasema: “Mwanangu, hiyo simu ndiyo inayokuharibu macho. Iache, umhurumie na mtoto.” Naye akatii. Akaiweka simu kando, akameza panadol, akalala mchana kutwa. Kichwa hakikuacha.

Siku ya tatu ilikuwa tarehe yake ya kliniki. Mkunga alipompima, presha ilikuwa 170/110, na kipimo cha mkojo kilionesha protini nyingi. Siku mbili zilikuwa zimepotea kwa sababu kila mtu nyumbani, pamoja na mgonjwa mwenyewe, alikwisha kuwa na jibu.

Simlaumu mama mkwe. Maelezo yake yalikuwa na mantiki: mtu anayekodolea kioo cha simu gizani kwa saa tatu huumwa kichwa, na macho yake huchoka. Tatizo ni kwamba maelezo yenye mantiki huweza kuufunika ugonjwa unaoua. Ndiyo maana naona inafaa kueleza mambo mawili: michezo hii inamfanya nini mjamzito, na ni jambo gani haipaswi kusingiziwa.

Nianze na swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi: je, mtoto aliyeko tumboni hudhurika mama yake akicheza michezo ya kupigana? Hakuna sababu ya kitabibu ya kuamini hivyo. Mawimbi ya simu si mionzi ya aina ya eksirei. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi. Kuhusu sauti, ni kweli kwamba kijusi huanza kuitikia sauti kati ya wiki ya 24 na ya 28 hivi, lakini milio ya bunduki inayotoka kwenye simu humfikia ikiwa imefifia sana baada ya kupita katika ukuta wa tumbo, mfuko wa uzazi na maji ya uzazi. Sauti anayoisikia vizuri kuliko zote ni ya mama yake mwenyewe. Moyo wa mama hudunda kwa kasi anapokaribia kushinda au kushindwa, kisha hutulia. Msisimko wa namna hiyo ni mdogo kuliko ule wa kupanda kilima na ndoo ya maji kichwani, kazi ambayo wajawazito wengi wa Karagwe na Kyerwa huifanya bila mtu kuwaonea huruma.

Hata macho, ambayo ndiyo hutajwa kwanza, hayaharibiwi na michezo hii kama inavyodhaniwa. Mwaka 2003 watafiti Green na Bavelier walionesha katika jarida la Nature kwamba wachezaji wa michezo ya mapambano walikuwa hodari kuliko wenzao katika kuzingatia vitu vingi kwa macho kwa wakati mmoja. Kinachotokea kwa kukodolea kioo muda mrefu ni kwamba mtu hupepesa kope mara chache, macho hukauka na kuwasha, na misuli ya macho na ya shingo huchoka. Mtu akipumzika na kulala vya kutosha, hali hiyo huisha.

Yapo madhara mengine ya kweli, ingawa ni ya kawaida mno kiasi kwamba hayasimuliwi. Usingizi hupungua. Mama hukaa kitako saa nyingi, na ujauzito wenyewe tayari huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, aende kituoni bila kusubiri. Vidole vya mikono hufa ganzi, kwa sababu uvimbe wa ujauzito hubana mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono, na kubonyeza kioo kwa vidole gumba huzidisha hali hiyo. Kwa haya ushauri wangu ni mfupi: ainuke na kutembea kidogo kila baada ya nusu saa, aache kucheza mapema ili alale, na katika miezi mitatu ya mwisho alalie ubavu badala ya mgongo. Baba mtarajiwa anaweza kusaidia kwa kuacha kuwa yeye ndiye anayesema “mmoja tu wa mwisho.”

Sasa nirudi kwenye kichwa kinachouma.

Ugonjwa aliokuwa nao mwanamke yule huitwa prieklampsia, yaani hali inayotangulia kifafa cha mimba. Chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma. Katika wiki za mwanzo, kondo hupaswa kuipanua mishipa ya damu ya mfuko wa uzazi ili damu ipite kwa wingi na kwa shinikizo dogo. Kwa baadhi ya wanawake upanuzi huo haukamiliki. Kondo linaposhindwa kupata damu ya kutosha, humwaga katika damu ya mama kemikali zinazojeruhi utando wa ndani wa mishipa yake mwili mzima. Mishipa husinyaa, shinikizo hupanda, protini huvuja kwenye mkojo, na maji huvuja kutoka mishipani kwenda kwenye uso, mikono na ubongo. Sehemu ya nyuma ya ubongo, ambayo ndiyo inayotafsiri kile tunachokiona, huathirika kwa urahisi. Kwa hiyo mgonjwa anayeona nyota au ukungu huenda hana kasoro yoyote machoni. Ni ubongo wake unaolalamika.

Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake wenye mimba ya kwanza. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba kinga ya mwili wa mama inakutana kwa mara ya kwanza na chembe za kondo zenye urithi wa baba, na bado haijazizoea. Hapo ndipo ilipo hatari niliyoikusudia katika makala hii. Mwenye mimba ya kwanza mara nyingi ni kijana. Kijana ndiye mwenye simu na gemu. Na hana mimba iliyotangulia ya kulinganisha nayo. Akiambiwa kwamba kuumwa kichwa ni jambo la kawaida kwa mjamzito, au kwamba ni simu, hana sababu ya kubisha.

Dalili za uchovu wa macho na zile za prieklampsia hutofautiana kwa kiasi fulani. Maumivu ya prieklampsia hayaishi kwa kupumzika wala kwa panadol, na nyota zake huweza kuonekana hata mgonjwa akifumba macho. Huweza kuambatana na maumivu chini ya mbavu za kulia, kutapika, na uvimbe wa uso na vidole kiasi cha pete kukataa kutoka. Hata hivyo, nawasihi akina mama na waume zao wasizitumie tofauti hizi kujipima nyumbani. Wako wagonjwa wenye presha ya kutisha ambao kichwa kiliwauma kidogo tu, na wengine ambao hawakuumwa kabisa. Kanuni ni moja: mjamzito aliyepita wiki ya 20 akiumwa kichwa kisichoacha, au uwezo wake wa kuona ukibadilika, apimwe presha siku hiyo hiyo. Kipimo chenyewe hakizidi dakika tano.

Kwa wahudumu wenzangu wa Kagera kuna mtego wa pili. Mkoa huu ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na tumezoea kwamba mjamzito anayeumwa kichwa hupimwa malaria. Apimwe, ndiyo. Lakini kipimo kikionesha malaria, presha bado haijapimwa, na mtu mmoja huweza kuwa na magonjwa yote mawili. Presha ya 140/90 au zaidi kwa mara ya kwanza baada ya wiki ya 20 haipaswi kuandikwa kwenye kadi na kuachwa hapo hadi mwezi ujao. Ikifika 160/110 ni dharura, awe ana dalili au hana.

Jina la Kiswahili la ugonjwa huu nalo limechangia mkanganyiko. Tukisema “kifafa cha mimba,” watu hukumbuka kifafa wanachokijua na huanza kuuliza kama katika ukoo kuna mwenye kifafa. Tena kuna jambo la kweli linalowapotosha hata waliosoma: mwanga unaomulika na kuzimika haraka kwenye kioo huweza kuamsha degedege kwa watu wachache wenye aina fulani ya kifafa. Mwezi Desemba 1997 nchini Japani, watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali baada ya kutazama kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilichokuwa na mwanga wa namna hiyo. Lakini hilo ni tatizo la watu wachache, na kwa kawaida hujitokeza utotoni au katika ujana wa mapema. Mjamzito wa miezi minane ambaye hajawahi kuanguka, akipatwa na degedege akiwa na simu mkononi, ana kifafa cha mimba mpaka ithibitike vinginevyo. Nyumbani alazwe kwa ubavu wa kushoto, aondolewe karibu na moto na vitu vya kumuumiza, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, na safari ya kwenda kituoni ianze mara moja.

Kituoni dawa ni magnesiamu salfeti. Utafiti wa kimataifa uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 na kuchapishwa mwaka 2002 ulionesha kwamba dawa hii hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mwenye prieklampsia kupata kifafa cha mimba. Kwa kawaida huanza kwa gramu 4 kwenye mshipa, polepole, pamoja na gramu 5 katika kila tako. Mahali ambapo dozi ya mshipa haiwezekani, gramu 10 za tako hutolewa kwanza, kisha mgonjwa anapewa rufaa. Narudia: hutolewa kwanza. Kumsafirisha mgonjwa bila dozi ya kwanza ni kumwachia aanguke njiani. Kabla ya kila dozi inayofuata hakikisha anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaitikia likigongwa, na mkojo unatoka. Kalisiamu glukoneti iwe karibu. Presha nayo ishushwe, kwa nifedipini au hidralazini, bila kuiporomosha. Kinachoondoa chanzo ni kuzaa, na wakati wa kuzalisha huamuliwa kwa kupima hali ya mama na umri wa mimba.

Mwanamke wetu alipewa dozi hiyo akapelekwa hospitali, akajifungua mtoto wa kiume mwenye uzito wa kilo 2.1. Hatari haikuishia hapo. Idadi kubwa ya degedege hizi hutokea baada ya kuzaa, hasa katika saa 48 za mwanzo, na presha huweza kubaki juu kwa wiki kadhaa. Huo ndio wakati ambao mzazi mpya hukesha na mtoto, na pengine hushika simu ili asisinzie akinyonyesha. Akiumwa kichwa, kila mtu nyumbani atasema amekosa usingizi. Kanuni ni ile ile ya awali: apimwe siku hiyo hiyo.

Kuna ushauri mmoja kuhusu simu ambao naona una uzito kuliko yote yanayosemwa juu ya gemu. Mfumo wa usafiri wa dharura wa M-mama hupokea simu bila malipo kwa namba 115, na humtafutia mjamzito au mzazi gari la kumfikisha kituoni. Lakini nyumba nyingi za vijijini huchaji simu kwa sola, au hulipia kuchaji dukani, na michezo ya mapambano hula betri haraka. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito, mume acheze apendavyo, ila simu ilale ikiwa na chaji.

Wiki ya sita baada ya kujifungua presha ya mama yule ilikuwa 122/78. Aliniuliza kwa aibu kidogo kama ameruhusiwa kucheza tena. Nilimwambia sikumkataza kamwe. Kisha nikaandika kwenye kadi yake kwa herufi kubwa kwamba alipata prieklampsia, nikamweleza kwamba akishika mimba nyingine awahi kliniki ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, kwa kuwa wenye historia kama yake huanzishiwa dozi ndogo ya aspirini kabla ya wiki ya 20, na pia kalisiamu ikiwa chakula chao hakina ya kutosha. Mama mkwe, aliyekuwa amempakata mjukuu, aliomba nimsomee kilichoandikwa kwenye kadi. Nilimsomea mara mbili.